Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia Mlimani: Zaidi ya Nusu Karne ya Kuandaa Wahandisi wa Taifa

Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, yenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme, treni ya umeme inayosafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Daraja la John Magufuli lenye urefu wa takribani kilomita tatu kati ya Kigongo na Busisi ni miongoni mwa miradi mikubwa iliyokamilika nchini katika kipindi kisichozidi miaka miwili. Ukamilishaji wa miradi hiyo umeibua swali ambalo kila taifa linalojenga miundombinu yake halina budi kulijibu: ni nani atakayeitunza, kuikarabati na hatimaye kusanifu mingine kama hiyo kwa akili na mikono ya wazawa?

Sehemu kubwa ya jibu hilo hutafutwa katika kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipo Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, ijulikanayo kwa kifupi CoET. Makala haya yanaeleza chimbuko la ndaki hiyo, namna inavyofundisha, mchango wa utafiti wake kwa jamii, utaratibu unaomfanya mhitimu awe mhandisi anayetambuliwa kisheria, pamoja na mwelekeo wa miaka ijayo.

CHIMBUKO LA MAFUNZO YA UHANDISI NCHINI

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, haikuwa na mahali pa kumsomesha kijana shahada ya uhandisi. Katika mgawanyo wa masomo uliofanywa na nchi za Afrika Mashariki, Dar es Salaam ilianza na sheria, Makerere ilikuwa na udaktari wa tiba na Nairobi ikawa na uhandisi. Hivyo, kijana wa Kitanzania aliyetaka kuwa mhandisi alilazimika kwenda Nairobi au kuvuka bahari, na nafasi zilikuwa chache mno ikilinganishwa na mahitaji ya nchi iliyokuwa ikijenga barabara, mabwawa na viwanda.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970 na kuzaa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa, Tanzania ilibaki na chuo kikuu kisicho na uhandisi. Serikali iliamua kuziba pengo hilo, na mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa Mlimani kwa msaada wa Serikali ya Shirikisho la Jamhuri ya Ujerumani, iliyochangia ujenzi, vifaa vya karakana na maabara, pamoja na wahadhiri. Masomo yalianza katika fani za ujenzi, mitambo na umeme, na baadaye ikaongezwa fani ya uhandisi kemikali na michakato. Wahitimu wa kwanza walimaliza masomo yao mwaka 1977.

Msaada huo ulikwenda sambamba na mpango wa kuwaandaa Watanzania kushika nafasi za wageni. Vijana waliofanya vizuri walibakizwa kama wahadhiri wasaidizi, wakapelekwa masomoni nje ya nchi, kisha wakarejea kufundisha. Kizazi hicho ndicho kilichokuja kuongoza taasisi nyingi za elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kiliongozwa na mhandisi wa umeme, Profesa Mathew Luhanga, kuanzia mwaka 1991 hadi 2006. Profesa Burton Mwamila, aliyekuwa kiongozi wa ndaki, alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha.

Mwaka 2001 Kitivo cha Uhandisi kiliunganishwa na Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji, iliyokuwa ikibuni na kuunda mashine kwa ajili ya wazalishaji wadogo. Lengo la muungano huo lilikuwa kuwaweka chini ya paa moja wanaofundisha na wanaounda, na mwaka 2005 chombo hicho kipya kikawa ndaki kamili.

MUUNDO NA FANI ZINAZOFUNDISHWA

Ndaki inaundwa na idara zinazoshughulikia uhandisi wa miundo na ujenzi, uchukuzi na jioteknolojia, rasilimali za maji, mitambo na viwanda, umeme, pamoja na kemikali na michakato. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Ngazi za umahiri na uzamivu nazo hutolewa, na katika eneo la maji chuo hicho kimekuwa miongoni mwa vituo vinavyopokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Kusini na Mashariki mwa Afrika wanaosomea usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji.

Ukuaji wa baadhi ya fani umefikia hatua ya kuzaa taasisi nyingine. Masomo ya elektroniki, mawasiliano na kompyuta yalihamia katika Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano iliyoko Kijitonyama. Masomo ya madini nayo yalipata makao katika shule kuu inayoshughulikia madini na jiosayansi. Aidha, baada ya kugunduliwa kwa gesi asilia katika kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010, chuo kilianzisha programu za uhandisi wa petroli ili nchi iwe na wataalamu wake katika sekta ambayo hadi wakati huo ilitegemea zaidi wageni.

MAFUNZO KWA VITENDO

Tangu siku za mwanzo, kitivo kilijengwa juu ya msimamo kwamba mhandisi asiyewahi kushika nyundo, kuchomelea chuma au kupima ardhi hawezi kusimamia vyema kazi ya mafundi. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi hupitia karakana za ndaki na kisha, wakati wa likizo ndefu za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, hupelekwa katika mafunzo ya vitendo viwandani, katika mamlaka za maji, miradi ya barabara, mitambo ya umeme na kampuni za ujenzi. Huko huandika kumbukumbu za kila siku, hukaguliwa na mhadhiri, na alama zake huhesabiwa katika shahada.

Utaratibu huo una faida nyingine isiyoandikwa kwenye mtaala. Masomo darasani hutolewa kwa Kiingereza, lakini kazi katika eneo la ujenzi huendeshwa kwa Kiswahili. Nondo, ringi, zege, jamvi, boriti na timazi ni maneno ambayo mwanafunzi huyapata kwa fundi na wala si katika kitabu. Mhandisi asiyeelewana na fundi wake hawezi kuhakikisha kuwa mchoro aliousanifu ndio unaojengwa. Vivyo hivyo, mhandisi wa maji asiyeweza kukieleza kijiji kwa lugha nyepesi sababu ya kuchangia matengenezo ya pampu hujenga mradi usiodumu.

UTAFITI UNAOIGUSA JAMII

Miongoni mwa kazi za utafiti zilizoacha alama ni ile ya usafishaji wa majitaka kwa njia za asili, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mitambo ya kisasa ya kusafisha majitaka huhitaji umeme mwingi, vipuri vya nje na wataalamu wa kuiendesha kila siku. Watafiti wa Mlimani walitafuta njia ambayo shule, gereza au mji mdogo ungeweza kuimudu. Walijenga vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete karibu na mabwawa ya majitaka ya chuo, wakapima kwa miaka kadhaa namna maji yanavyobadilika yakipita humo.

Utendaji wake ni rahisi kuuelewa. Majitaka yaliyokwisha kutuama kwenye shimo au bwawa huingizwa upande mmoja wa kitanda na kupita polepole katikati ya kokoto bila kuonekana juu. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto na mizizi ya matete huyeyusha uchafu, chembechembe hunaswa, na matete hufyonza sehemu ya virutubisho. Maji yanayotoka upande wa pili huwa na uchafu mdogo zaidi na, kwa uangalizi unaofaa, yanaweza kumwagilia miti na bustani. Hakuna pampu wala dawa inayohitajika pale ardhi inapokuwa na mteremko. Mifumo ya aina hiyo imejengwa katika maeneo kadhaa, yakiwemo Moshi, Iringa na Shinyanga, ikihudumia mamlaka ya maji, chuo cha ualimu na gereza.

Eneo lingine ni programu ya mifumo ya ubunifu na kongano za uzalishaji, iliyoratibiwa na ndaki kwa ufadhili wa Serikali ya Sweden. Kongano ni kundi la wazalishaji wa bidhaa moja katika eneo moja, wanaoshirikiana na watafiti na Serikali badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake. Kongano ya mwani ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2006, ni mfano mzuri. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, walikuwa wakiuza mwani mkavu kama malighafi kwa bei ndogo. Kupitia kongano walijifunza kuusaga na kuuongezea thamani, wakaanza kutengeneza sabuni, unga na bidhaa nyingine zinazouzwa madukani na kwa watalii.

Kituo cha ndaki cha uendelezaji na uhawilishaji wa teknolojia, kilichorithi kazi ya Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji, kimeendelea kubuni mashine za kusindika mazao, ikiwemo mitambo ya viwanda vidogo vya sukari. Mashine za aina hiyo humlenga mkulima aliye mbali na kiwanda kikubwa, ambaye mazao yake huharibika shambani kwa kukosa soko la karibu.

USHAURI WA KITAALAMU NA USALAMA WA MAJENGO

Ndaki inacho kitengo cha ushauri wa kitaalamu kinachojulikana kama BICO, kilichoanzishwa mwaka 1990 ili kuunganisha wataalamu wa chuo na viwanda. Kupitia kitengo hicho, taasisi za umma, makandarasi na watu binafsi hupata huduma za usanifu, tathmini ya miundo na upimaji wa vifaa vya ujenzi kama zege, nondo, udongo na lami.

Umuhimu wa huduma hizo ulidhihirika kwa uchungu Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo jijini Dar es Salaam na kusababisha vifo na majeruhi. Serikali iliunda kamati maalumu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Tukio hilo liliwakumbusha Watanzania janga la Machi 29, 2013, katikati ya jiji hilo hilo, ambapo jengo lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Kipimo kinachoweza kuzuia maafa kama hayo si cha ajabu. Wakati wa kumwaga zege, sehemu yake hujazwa kwenye kalibu za mche mraba wenye upande wa milimita 150. Miche hiyo huhifadhiwa majini na kuvunjwa kwa mashine maabara, kwa kawaida ikifikisha siku 7 na siku 28, ili kuona kama zege lina nguvu iliyokusudiwa na msanifu. Zege lililozidishwa maji au kupunjwa saruji hujulikana hapo, kabla ghorofa nyingine haijapandishwa juu yake. Mwananchi anayejenga ghorofa ana haki ya kudai matokeo ya vipimo hivyo kutoka kwa mkandarasi wake, na ana wajibu wa kutoyapuuza kwa kisingizio cha kupunguza gharama.

KUTOKA SHAHADA HADI USAJILI

Wananchi wengi huamini kuwa mtu akishatunukiwa shahada ya uhandisi huwa mhandisi kamili. Kisheria sivyo. Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya mwaka 1997 inaipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, mamlaka ya kusajili na kusimamia mienendo ya wahandisi wote nchini. Mhitimu husajiliwa kwanza katika ngazi ya mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu kabla ya kuomba kuwa mhandisi mtaalamu anayeweza kuidhinisha michoro na kusimamia mradi.

Tangu mwaka 2003, bodi huendesha mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu unaojulikana kama SEAP. Mhitimu hupangiwa kazi kwa kipindi cha miaka mitatu chini ya msimamizi maalumu, na maendeleo yake hufuatiliwa hatua kwa hatua. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili sehemu ya mpango huo iliyowalenga wahandisi wanawake, ambao idadi yao bado ni ndogo katika taaluma. Yeyote anayetaka kumkabidhi mtu kazi ya kihandisi anashauriwa kuthibitisha kwanza usajili wake kwa bodi.

UWEKEZAJI WA SERIKALI

Serikali inatekeleza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanufaika. Mradi huo unagharamia majengo na maabara, masomo ya umahiri na uzamivu kwa wahadhiri, mapitio ya mitaala na uundaji wa kamati za ushauri zinazowakutanisha vyuo na waajiri. Lengo la kamati hizo ni kumwezesha mwajiri kusema mapema kile anachokihitaji, badala ya kulalamika baada ya mhitimu kufika kazini.

Kwa upande wa wanafunzi, Serikali ilianzisha ufadhili wa Samia katika mwaka wa masomo 2022/23 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi na kudahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na tiba. Ufadhili huo si mkopo, hivyo mnufaika hadaiwi baada ya kuhitimu. Wanafunzi wengine wenye sifa huomba mikopo kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

CHANGAMOTO ZINAZOHITAJI UFUMBUZI

Mafanikio hayo hayaondoi ukweli kwamba kazi iliyobaki ni kubwa. Ya kwanza ni vifaa. Sehemu ya mashine zilizoletwa wakati wa kuanzishwa kwa kitivo zilibuniwa kabla ya udhibiti wa kompyuta kuenea viwandani, ilhali mwanafunzi wa leo atakutana na mitambo inayoendeshwa kwa programu. Ongezeko la wanafunzi nalo hupunguza muda ambao kila mmoja anaweza kuitumia mashine kwa mikono yake.

Ya pili ni nafasi za mafunzo ya vitendo. Vyuo vinavyofundisha uhandisi vimeongezeka, vikiwemo vya Mbeya, Arusha na Dar es Salaam, na wote hubisha hodi katika milango ile ile ya viwanda. Ya tatu ni safari ndefu kutoka ubunifu hadi sokoni. Mashine iliyofanya kazi vizuri karakanani huhitaji mtaji, kiwanda cha kuizalisha kwa wingi, huduma ya vipuri na mnunuzi, na mara nyingi mnyororo huo hukatika kabla haujamfikia mkulima.

Ya nne ni ushiriki wa wasichana. Pengo hilo halianzii chuoni bali katika shule za sekondari, pale msichana anapokata tamaa ya hisabati na fizikia mapema. Ujenzi wa shule za sekondari za wasichana za mikoa zenye mkondo wa sayansi ni hatua muhimu katika kulizibua bomba hilo tangu chanzoni.

MWELEKEO WA MIAKA IJAYO

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inakusudia kuifikisha nchi katika uchumi wa Dola za Marekani trilioni moja ifikapo mwaka 2050. Lengo hilo haliwezekani bila nishati ya uhakika, usafirishaji wa gharama nafuu, viwanda vinavyochakata mazao na madini, na maji ya kutosha. Yote hayo ni kazi za mhandisi.

Katika hali hiyo, mwelekeo wa mafunzo na utafiti unaelekea katika maeneo yanayoonekana wazi. Reli ya umeme inahitaji wataalamu wa mifumo ya umeme, ishara na mabehewa, wanaoweza kugundua hitilafu kabla haijasimamisha safari. Gridi ya Taifa inayopokea umeme wa maji, gesi, jua na upepo inahitaji wahandisi wa kuisawazisha saa zote. Mvua za masika zinazozidi kuwa kubwa zinadai madaraja na mitaro iliyosanifiwa kwa takwimu mpya za mvua badala ya zile za miongo iliyopita. Matumizi ya akili mnemba, vihisi na data yanaingia katika kila fani, kuanzia ukaguzi wa madaraja hadi udhibiti wa upotevu wa maji mijini.

Sera za ununuzi wa umma nazo zimefungua mlango. Kanuni za sasa zinatoa upendeleo kwa wazawa katika miradi ya ujenzi yenye thamani isiyozidi shilingi bilioni 50, tofauti na ukomo wa shilingi bilioni 10 uliokuwepo awali. Fursa hiyo itakuwa na maana tu iwapo kampuni za ndani zitakuwa na wahandisi wenye uwezo wa kuikamilisha kazi kwa ubora na kwa wakati. Kazi iliyoharibika mikononi mwa mzawa humgharimu mlipakodi sawa na ile iliyoharibika mikononi mwa mgeni.

TAARIFA KWA WANAOKUSUDIA KUJIUNGA

Mwombaji wa shahada ya uhandisi anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa masomo ya msingi, hususan Fizikia na Hisabati ya Juu, kwa viwango vinavyotangazwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Fani ya uhandisi kemikali huhitaji pia Kemia. Wenye stashahada ya ufundi katika fani husika nao wana njia yao ya kujiunga, kwa kuzingatia wastani wa ufaulu uliowekwa. Maombi hutumwa moja kwa moja chuoni kwa njia ya mtandao katika madirisha ya udahili yanayotangazwa na tume.

Wazazi na walezi wanashauriwa kuusoma mwongozo huo pamoja na vijana wao mapema, hasa wakati wa kuchagua tahasusi za kidato cha tano, kwa kuwa uamuzi unaofanyika hapo ndio unaofungua au kufunga njia ya uhandisi miaka miwili baadaye.